Mafuta ya Juani

Inawezekanaje mafuta yanuke kama rangi ya ukutani, halafu kipimo kiseme ni mazima? Nilibaki na swali hilo mchana mmoja katika maabara ya shule niliyokuwa nafundisha kwa kujitolea, hapa Babati, bureti, bomba la kioo la kudondoshea dawa, mkononi na digrii ya kemia isiyonisaidia kitu.

Mafuta yalikuwa ya mama mdogo. Anakaa Maisaka, anakamua alizeti, na kando ya barabara ana meza ya mbao yenye chupa zilizopangwa juani ili wapita njia wazione zinang'aa. Wauza alizeti wengi hufanya hivyo. Yeye akaenda mbali zaidi. Aliona kwamba chupa zikikaa sana mezani rangi hupauka na mafuta huwa maangavu, na wateja wa mjini wanapenda maangavu. Basi akaanza kuanika hata ya jumla, madumu meupe yamejaa uani. Aliita kuyasafisha.

Mwenye duka sokoni, mzee mpole aliyenunua karibu mafuta yake yote, alivumilia mpaka wateja walipoanza kurudisha chupa. Akamwambia kwa heshima kwamba mzigo mwingine ukinuka vile, atatafuta muuzaji mwingine. Mama mdogo alirudi amenuna. Kwake, shida ilikuwa pua za watu wa mjini.

Nilimwambia shida ni jua. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimesoma. Akasema hata yeye alisoma, ila kwao hawakufundishwa ubaya wa jua. Napenda kubishana naye. Utotoni ndiye aliyenizoesha kuuliza kwa nini, kisha akachoka kujibu. Nikaahidi kupima.

Kipimo chenyewe si kigumu. Mafuta yakianza kuharibiwa na hewa hutengeneza peroksaidi. Ukiyatia dawa yake, peroksaidi hizo huifanya itoe iodini yenye rangi ya chai. Unadondosha dawa ya pili mpaka rangi ipotee, na kadiri matone yanavyokuwa mengi, ndivyo mafuta yalivyoharibika. Nilipima chupa ya mezani iliyokaa juani kiangazi kizima, na mafuta ya stoo kutoka dumu lililokuwa limefunguliwa muda kidogo. Ya stoo yalikula matone mengi. Ya juani, yaliyonuka, yalipoteza rangi mapema. Nikaosha vyombo, nikarudia. Jibu lilikuwa lile lile.

Mama mdogo alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini.

"Si nilikwambia jua linasafisha? Haya, kabishane na bomba lako."

"Hicho kipimo sikiamini, mama mdogo."

"Si umepima mwenyewe? Mimi huniamini, mchungaji humwamini, sasa hata mikono yako huiamini. Utaolewa na nani wewe?"

Nilimwomba kitu kimoja tu: dumu moja la mafuta mapya, lijazwe hadi shingoni, lifungwe vizuri, likae gizani chini ya kitanda chake. Mengine aanike kama kawaida, kisha apeleke yote kwa yule mzee. Alikubali, na alinieleza sababu: nilikuwa nimeanza kukonda kwa mawazo.

Siku ya kupeleka nilimsindikiza. Mzee alifungua dumu la uani, akanusa, akalifunga taratibu. Akafungua la chini ya kitanda, akanusa, akalipandisha juu ya kaunta. Halafu akamuuliza mama mdogo kama ana mengine ya namna hiyo.

Leo bado anamuuzia. Uani hakuna dumu hata moja, na chumbani kwake unapita ubavuubavu kwa sababu ya madumu. Chupa za mezani zimebaki juani, za kuangaliwa tu. Ukimuuliza, atakwambia jua linasafisha, ila mzee wa watu ana pua ya ajabu, afanyeje.

Swali langu lilijibiwa miaka mingi baadaye, katika maabara nyingine, wala sikuwa naliuliza. Peroksaidi hazidumu. Zikishakuwa nyingi huvunjika na kuwa vitu vingine, na hivyo ndivyo vinavyonuka. Bureti yangu haikuweza kuviona; vina kipimo chake.