Migomba Tuliyoacha Bila Kukata

Majina yote niko nayo. Ya watoto waliozaliwa kwenye kilima chetu hapa juu ya Kibua, ya mama zao, na kila mumoja kitovu chake kilizikwa chini ya mugomba gani. Hapa sitaandika hata moja. Wengine bado wanatembea, wengine hapana, na siku hizi jina la muntu si kitu cha kuanika nje.

Kwetu ilikuwa hivi. Mutoto akizaliwa, kitovu kikikauka na kuanguka, mama ya baba yake anakipeleka nyuma ya nyumba, anachagua mugomba wenye afya, anachimba kidogo, anakizika. Tangu siku ile ule mugomba ni wa yule mutoto, pamoja na yote itakayoota kwenye shina lake. Mugomba ukisha kuzaa unakufa, lakini pembeni mwingine umesha kuota, njo maana shina linaweza kukaa kuliko muntu. Hatulikati. Mukungu wake hauendi sokoni, unaliwa nyumbani. Mapasta walituambia tuache mambo mengi na tukayaacha. Hili hawakutuuliza, na sisi hatukuwaambia.

Kisha ugonjwa wa migomba ukaingia. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yamepitishwa juu ya moto. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukizifungua ndani ni kahawia na zinanuka. Ukikata shina, linatoa maji ya manjano kama usaha wa kidonda. Tulifikiri ni jua, wengine wakafikiri ni jicho la muntu. Mashamba yakaisha moja moja kutoka chini kupanda juu. Siku ya ndoa watu walikunywa chai, kwa sababu ndizi za kutengeneza pombe ya kasiksi hazikuwako.

Njo watu wa université wakafika. Walitoka Goma kwa pikipiki, agronome, mwalimu wa mambo ya kulima, na wanafunzi wake, wamejaa vumbi, wamechoka na mabariere ya barabarani, na pale Mubambiro askari walikuwa wamefungua mizigo yao yote. Walisema université yao imewatuma kufundisha walimaji bure. Hatukuamini ile neno bure, lakini tukaenda kuwasikiliza ndani ya kanisa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Agronome alikuwa bado kijana, sauti ndogo. Alituonyesha namna ya kuvunja ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mukungu, kwa kutumia kijiti chenye panda, si kwa mupanga, maana nyuki hubeba ugonjwa kutoka moyo mumoja kwenda mwingine. Mugomba wenye kuugua, ung'oe na mizizi yote. Na mupanga, kila ukitoka ku mugomba mumoja, upitishe kwenye moto mbele ya kugusa mwingine.

Hapo tukaangaliana. Sisi wamama tulikuwa na likilimba yetu, tunalima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Na desturi ya likilimba yetu ilikuwa mupanga mumoja, wa mama mukubwa kuliko wote, njo unafungua kazi kwa kila shamba. Wakati ule mama mukubwa nilikuwa mimi.

Jirani yangu, yule ambaye hata kwenye matanga anachekesha watu, akasema, "Basi Agronome, ugonjwa ulikuwa unatembea na sisi. Tunaamka nao, tunakula nao saa sita, tunaurudisha nyumbani."

"Ni vile, Mama."

"Na hata haukutusaidia kulima."

Tukacheka. Kesho yake tukaanza kung'oa. Kila mumoja na mupanga wake, moto umewashwa kando ya shamba. Wanafunzi wa université walilima pamoja na sisi, wasichana wawili wakapata malengelenge kwenye mikono na wakaendelea. Tuling'oa mpaka kilima kikabaki kama kichwa kilichonyolewa.

Lakini si chote. Kila nyumba iliacha mugomba mumoja ao miwili. Hatukupatana. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mwanamuke alipofika pale, alizunguka, akaendelea na mwingine. Mimi pia nilizunguka.

Agronome aliporudi musimu mwingine wa mvua, migomba mipya waliyotupatia tupande ilikuwa imeanza kugeuka manjano. Akauliza nyumba kwa nyumba, "Mulifanya yote niliwaambia?"

"Yote."

"Mupanga mulipitisha kwenye moto?"

"Tulipitisha."

Alikaa juu ya jiwe, akavua mabote, akaangalia miguu yake. Alisema labda ni mbuzi, labda ni nyuki wa upande wa pili wa muto. Wanafunzi wake waliandika. Niliona ataenda hivyo, na université itasema watu wa kilima kile hawafundishiki, wapeleke nguvu yao kwingine. Shamba la jirani yangu lilikuwa limekwisha mara ya pili, na yeye alikuwa analisha wajukuu ambao mama yao hayuko. Nikamwambia agronome anisindikize mpaka kwangu.

Njiani nikasema, "Kila nyumba iko na mugomba haikukata. Chini yake iko watoto."

Akasimama. Alikuwa na sura ya muntu aliyekanyaga kaburi. "Watoto namna gani, Koko?" Aliniita hivyo, bibi, sababu ya mvi zangu.

"Vitovu vyao."

Akapumua. Akaniuliza ni kwa nini hatukumwambia. Nikamwambia haya si mambo ya kuambia mwanaume mugeni. Akaitika. Tulipofika akasema, "Mimi sina nguvu ya kuwaambia mukate ile. Nitawauliza wamama wenyewe."

Akatuita wamama peke yetu. Alitaka kutoka ili tuzungumze, jirani yangu akamuzuia.

"Kaa, Agronome. Wewe pia kitovu chako kiko pahali."

"Changu kilitupwa Goma, kwa maternité, pale wamama wanazalia."

"Njo maana unazunguka-zunguka hivi na pikipiki."

Hata yeye alicheka. Kisha tukazungumza wazi. Kuhama kulikuwa na desturi yake, na wengi wetu tulisha kuhama sababu ya vita, kwa hiyo tuliijua. Kama mutoto ni muzima, anakuja mwenyewe, anachukua udongo wa chini ya mugomba wake kwa mukono wa kuume, anaupeleka kwenye mugomba mupya. Kama mutoto alikufa, mama yake anachukua udongo kwa mukono wa kushoto, anaurudisha mule mule kwenye shimo, hapandi kitu. Baada ya hapo shina linaweza kukatwa.

Agronome alisikiliza yote. Akasema tu jambo moja, kwamba udongo wenyewe umebeba ugonjwa, ukienda kwenye mugomba mupya tumefanya kazi bure. Mwanafunzi mumoja akauliza kama lazima uwe mugomba. Tukaangaliana tena. Hakuna aliyejua kama ni lazima. Agronome akasema ule ugonjwa haushiki avoka, jirani yangu akasema mutoto akipewa avoka hatalia. Basi université ikaleta miche ya avoka ndani ya vijifuko vyeusi, na watoto wakaanza kupanda, hata wale wenye ndevu. Mumoja alitembea kilometa nyingi kutoka Masisi kuja kushika udongo wake, akanywa maji, akarudi.

Walio na watoto waliokufa walitumia mukono wa kushoto. Hawakuchukua wakati mrefu.

Kukabaki mugomba wa mwanangu wa mwisho.

Yeye alitoka kwenda soko na watu wengine, wakakutana na wenye bunduki njiani. Wengine waliachiliwa, wakarudi. Wao wanasema walimuona akibeba muzigo wa wale watu, akipotea kwenye pori. Tangu pale hakuna simu, hakuna mwili. Nilienda kwa kila aliyetoka upande ule. Watu walichoka kuniona, na mimi nikachoka kuuliza.

Muke wake alibaki kwangu. Hakuwa amezaa. Tulilima pamoja, tulilala nyumba moja, tuliongea juu ya chumvi na kuni. Kulikuwa muntu mumoja wa Buleusa, aliyefiwa na muke, mwenye kazi na adabu, alikuwa anatuma salamu kwa wajomba wa mukwe wangu. Mukwe wangu hakuzijibu. Atajibu namna gani? Kama bwana yake ni muzima, ni muke wa muntu. Kama amekufa, hakuna aliyemulilia, na mwanamuke hawezi kutoka kwenye matanga ambayo hayakukaliwa. Kwenye kilima wote walijua kwamba mukono nitakaotumia njo utasema.

Siku moja mbele ya kukata ule mugomba, tulikuwa tunamenya muhogo. Akasema bila kuinua macho, "Mama, kesho utatumia mukono gani?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui niombe gani."

Tukamaliza muhogo.

Asubuhi wakaja, agronome, wanafunzi, wamama wa likilimba. Mugomba ulikuwa na mashina matatu, moja limegeuka manjano, mawili bado ya kijani. Ulikuwa pembeni kabisa ya migomba mipya ya jirani yangu, majani yanagusana. Agronome alizunguka, akanisogelea, akasema polepole ili wengine wasisikie.

"Koko, iko njia ingine. Tunaweza kukata lile shina lenye kuugua peke yake, chini kabisa ku udongo. Haya mawili tunayaacha, tunaangalia. Mara ingine ugonjwa unachoka wenyewe."

"Na ukikosa kuchoka?"

"Tunakata lingine. Tunaendelea kuangalia."

Nilielewa kwamba ananifanyia huruma. Ilikuwa njia nzuri. Ningekata moja, ningengoja, ningekata lingine, ningengoja. Mimi ningeweza kufanya vile mpaka kufa, sikuwa na safari ingine. Nikamwangalia mukwe wangu. Alikuwa amesimama kando ya moto, ameshika mupanga, ncha yake imekuwa nyeusi. Hakuniangalia. Alikuwa anageuza mupanga, upande huu, upande ule, ingawa umesha kuiva zamani.

Nikasema, "Kateni yote."

Wakakata. Wanafunzi wakachimbua shina na mizizi yake, ikachukua wakati, lilikuwa kubwa. Sikuona kitu mule isipokuwa udongo na minyoo. Kisha wakatoka kwenye shimo, wakaniachia nafasi. Mche wa avoka walikuwa wameuweka karibu, kama nitautaka.

Nilipiga magoti. Nikachukua udongo kwa mukono wa kushoto, nikaurudisha mule mule.

Agronome aliinamisha kichwa. Mukwe wangu aliweka mupanga chini, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni namna wafiwa wanafungaga, akachukua jembe, akaanza kufukia. Nilingoja kitu kinijie. Hakikunijia. Niliona udongo umeingia chini ya kucha, nikakumbuka kwamba nimeacha maharagi motoni, na maji yake yamekaribia kukauka. Nikaenda kuyaangalia. Yalikuwa hayajaungua.

Watu wakaja kukaa nasi matanga. Wanafunzi wa université walilala kwa pasta, wakaleta kuni na sukari. Walioenda soko siku ile na mwanangu walikuja pia, wakakaa nyuma kabisa. Niliwaita mbele, kila mumoja kwa jina lake, wakala.

Migomba ilipona. Hilo naandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wale watoto wa université walitoka mbali. Kilima chote kina migomba tena, na avoka kati yake, zingine zimeanza kuzaa. Wao hawaji tena. Barabara ilifungwa na vita, simu ya agronome haiingii. Vijiji vya pembeni vinatuma wanawake wao kutuuliza, na sisi tunawaonyesha kijiti cha panda na mupanga kwenye moto. Tunawauliza pia kama kuna migomba wanayozunguka. Kwanza wanakataa.

Mukwe wangu alimaliza kipindi chake cha kufiwa. Muntu wa Buleusa alituma wazee wake, tukawapokea, wakakula. Siku ya kuondoka nilimpa mukwe wangu miche ya migomba misafi, nimeifunga kwa majani, na mupanga mupya ambao haujagusa shamba la muntu yeyote. Alikuwa amevaa vizuri. Wale waliokuja kumuchukua walikuwa wamesha kushuka njia.

Akarudi mpaka mulangoni.

"Mama. Na akirudi?"

"Akirudi nitamwambia ni mimi."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba wewe uliuliza, na mimi nikajibu."

Akabeba muzigo kichwani, akashuka. Niliingia ndani, nikapika chakula cha muntu mumoja.