Shati ya Kitani ya Mzee Donat

Adolphine alikuwa fundi wa kushona pale mtaani Kamalondo, na ungemuuliza angekwambia mwenyewe kwamba mashati yake yalisimama. Ndiyo ilikuwa sifa ya mwaka ule wa 1953: shati ichovywe amido, ule uji wa wanga wa muhogo, ipigwe pasi ya makaa mpaka kola ikate shingo, mwenye shati akipita inalia kwara-kwara. Mwanaume akivaa shati legevu, mwanamke wa nyumba yake alichekwa kwenye bomba la maji mpaka ndoo ijae.

Basi baba yake, mzee Donat, aliyekuwa akikaa kwake tangu kufiwa na mke, akatokwa na malengelenge mgongoni. Yalikauka, lakini ngozi ikabaki laini kama ya mtoto wa siku mbili. Nguo ya kaki ilimchoma, ya amerikani ilimkwaruza. Akawa anashinda uani mwili wazi, na baridi ya Juni, ambayo si ya kuchezea, ilikuwa njiani. Mdogo wake mzee, Alexis, akaandika kutoka Kongolo: rudi kwetu, huku hakuna atakayekuuliza nguo. Adolphine hakutaka kusikia habari hiyo. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Baba akiondoka, nyumba ingebaki na cherehani tu.

Masera, mtawa aliyeuguza pale dispanseri, akamwambia, "Umutafutie kitani, ile tunaita lin. Lakini ya mupya iko nguvu kama bati. Uiloweke, uichemshe na maji ya majivu, uipige, uianike ku kivuli. Mara saba. Na amido usitie, hata kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia, masera."

Alisikia, kweli. Kusikia si kazi.

Kitani chenyewe alikitafuta siku tatu. Mgriki mwenye duka la mtaani alikuwa na popelini tu, tena akamcheka. Mwisho, katika duka la Mtaliano mmoja mjini, akaona jora moja chini kabisa ya rafu, rangi ya majani makavu, la suti za Wazungu. Alipolipitisha kidole, lilikwaruza. Akachukua.

Mara ya kwanza kuchemsha, maji yalitoka kama chai. Mara ya pili, kama chai ya maskini. Kitambaa kilianza kulegea, kwa shida. Lakini Pasaka ilikuwa imefika, na mzee akauliza, "Mama, nitaenda misa?" Ndivyo alivyomwita binti yake, mama.

"Utaenda, papa. Na shati ya mupya."

Akakata, akashona, akaitundika. Loo! Kitani kina tabia yake: ukikigusa tu kinakunjamana. Adolphine akaitazama ile shati, akawaona wanawake wote wa benchi la mbele kanisani wakimtazama yeye. Akajisemea moyoni: kidogo tu. Akakoroga amido.

Misa nzima mzee Donat alikaa wima kama mshumaa, hakuegemea. Jirani yao Angélique akapiga makofi mlangoni pa kanisa: "Eeh, papa Donat! Unavaa kama unaenda kuoa!"

Nyumbani shati ilikuwa imeganda mgongoni. Adolphine aliibandua kwa maji ya uvuguvugu, pole pole, na mzee akisema, "Iko muzuri, mama. Inasimama kabisa."

Jumapili iliyofuata mzee akasema miguu inamuuma, hawezi kwenda misa. Na iliyofuata, miguu. Mwishowe katekista Floribert akaja kumtazama. Adolphine, nyuma ya pazia, akasikia: "Ni miguu tu, katekista. Shati iko, binti yangu alinishoneaka ya muzuri sana."

Miguu! Asubuhi ile ile mzee alikuwa amepasua kuni uani, amesimama saa nzima.

Hakumwuliza. Aliichukua shati akatoa amido yote, akaanza upya: kuloweka, kuchemsha, kupiga juu ya jiwe, kuisugua ikiwa bado mbichi, mkono kwa mkono. Mara ya tatu, ya nne. Kazi za wateja zikalala. Mara ya saba ilipokauka, ilikuwa Juni, na kitani kilianguka mkononi mwake kama maji.

Mzee akaivaa. Akaegemea ukuta, taratibu kwanza, kisha mgongo wote, na usingizi ukamchukua pale pale amekaa.

Alipoamka Adolphine akasema, "Basi utabakia."

"Barua ya kukubali ilishaenda, mama. Katekista aliniandikiaka. Alexis amejenga nyumba, bananingojea."

"Umuandikie tena!"

"Nimwambie nini? Shati imelainika?" Akacheka, peke yake.

"Juu ya nini hukuniambia kama inakuumiza?"

"Siku ile ya Pasaka ulikuwa na furaha sana," mzee akasema. "Tangu mama yako afe sikukuonaka hivi."

Wiki mbili baadaye wakamsindikiza stesheni. Mzee akakaa dirishani, kola imelala, mikunjo kila mahali. Angélique akamvuta Adolphine mkono. "We, hata pasi hukupiga? Bantu banaona!"

"Acha baone."

Alikuwa akitazama ule mgongo, namna ulivyoegemea ubao wa behewa bila kuogopa. Filimbi ikalia, na treni ikaondoka na mgongo ule.