Nderema ya Mgeni

Mwanangu, kila nikiona kijana ameamka na panga mkononi, nakumbuka siku wazazi wangu walipotoka Nyeri kuja Kombewa, kuwaona watu wa mchumba wangu Otieno kwa mara ya kwanza. Nilikuwa bado sijaolewa. Baba alishakubali, mama ndiye aliyekaza. Alisema hawezi kumwacha binti yake mbali hivyo, kwa watu ambao hata hajui wanakula nini.

Mimi nilitangulia kuja kusaidia jikoni. Na Otieno, huyu mzee wangu mnayemwona mtulivu, asubuhi hiyo alitaka boma ling'are. Akafyeka ua wote pamoja na nderema iliyoutambalia, mboga ile ya majani manene yanayoteleza. Loo! Mama yake alipotoka nje alishika kiuno.

"Otieno! Umefyeka chakula ya mgeni! Si nilikuambia mama ya huyu msichana hakuli nyama wala samaki? Sasa atakula panga?"

"Nilidhani ni magugu, Mama."

"Ungeuliza! Mdomo unao."

Nilicheka, lakini nilijua hatari iliyopo. Mama yangu akishinda njaa pale, mimi ndoa sina. Basi tukainama sote kwenye lile rundo, tukachuma majani kabla jua halijayanyausha. Mama mkwe akayapika na kunde, akamimina maziwa.

Wageni walipofika na kuandaliwa, mama alionja kidogo, kwa adabu tu. Akaonja tena, akauliza ni mboga gani.

"Nderema," mama mkwe akamwambia. "Hii ndiyo tunapikia mwanamke akishajifungua. Huyu wako akizaa, nitampikia mwenyewe. Hatashika sufuria mpaka apate nguvu."

Mama alimtazama, machozi yakamlenga. Kisha akasogeza sahani.

"Niongeze," akasema. "Na huyu mtoto ni wako."

Weee! Nilipiga vigelegele mwenyewe, bila kungoja mtu. Furaha ile sijui niieleze vipi.

Kwa hiyo, mwanangu, usikate kitu bomani mwa watu kabla hujamuuliza aliyekipanda. Na ukichukua mtoto wa mwenzio, mwambie mama yake kwa mdomo wako utamtunza vipi, usimwache akisie. Mungu akupe boma lenye mboga mpaka kwenye ua, wakwe wanaoomba kuongezwa, na mtu wa kukupikia siku ambayo hujiwezi.