Zuhura na Kiyoyozi cha Mwezi wa Saba

Tulikuwa wanne garini asubuhi ile, mwanangu, na nitakutajia wote kabla sijaanza ili usije ukachanganyikiwa huko mbele. Nilikuwepo mimi, Mwanaidi binti Salim, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Bertrams, hapa Johannesburg, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Alikuwepo Hamisi, mwanangu wa tatu, mlinzi wa majengo ya ofisi kule Randburg. Alikuwepo binti yake, Zuhura, mjukuu wangu niliyemlea mimi mwenyewe, na yeye ndiye aliyeshika usukani. Na alikuwepo jirani yetu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, msusi, mwanakwaya wa kanisa lao, lakini harusi zetu Waislamu hajakosa hata moja. Wa tano ningesema ni sufuria ya pilau, maana ilikalia mapaja ya Mama Furaha kama mtoto mkubwa, na ilihema kuliko sisi sote.

Siku hiyo naikumbuka hata harufu yake. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka juzi, mwezi wa saba, wakati ambapo Johannesburg nyasi zinaamka zimeganda, nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Tulikuwa tunakwenda Mayfair kwenye nikahi ya Maimuna, mjukuu wa marehemu dada yangu Zainabu. Maimuna hana mama. Mama yake, Asha, alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na mimi nilimwahidi Asha kitandani kwamba siku ya kuolewa mtoto huyu nitamfunga ushungi kwa mikono yangu. Maimuna alikuwa ameshatuma neno: hatoki chumbani mpaka Bibi Mwanaidi afike. Na shehe naye alikuwa na nikahi nyingine ya kwenda kufungisha. Kwa hiyo unaona, nafasi ya kuchelewa hatukuwa nayo.

Lakini safari ile ilikuwa na mzigo mwingine, na mzigo huo alikuwa ameubeba Zuhura peke yake. Gari alituachia mume wangu, Mzee Juma Kombo, Mungu amrehemu. Zuhura alikuwa ndiyo kwanza amepata leseni, na alitaka gari hilo limpe kazi ya kuwabeba watoto wa mtaani kwetu kuwapeleka shule. Wazazi walishamuuliza. Hamisi ndiye aliyekuwa hataki.

"Leo ataendesha," alisema tukiwa bado mlangoni, "kwa kuwa nimetoka zamu na macho yangu yamejaa mchanga. Ila akibabaika njiani, hata mara moja, funguo nampa Shabani na habari ya watoto wa shule isisikike tena humu ndani."

Shabani ni mtoto wa kaka yake Hamisi. Kijana mwema, anaswali, lakini usukani akishika anaendesha kama mtu anayefukuzwa.

"Sharp, Baba," Zuhura akajibu, yaani sawa. Mtoto huyu kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini akikizungumza anakitoa polepole, kama mtu anayechagua mchele.

Sasa nikueleze tulivyoliandaa lile gari, maana bila hilo hutaelewa kilichotupata. Sisi watu wa pwani hatwendi harusini na gari linalonuka mpira na petroli. Nilitia udi kwenye chetezo, nikalifukiza gari toka kiti cha mbele mpaka cha nyuma, kisha nikaamuru vioo vyote vifungwe ndi, harufu isitoke. Pilau imetoka jikoni wakati huo huo, nimeivisha blanketi ili ifike ya moto. Hamisi akaingia mbele, akawasha hita mpaka mwisho, akabonyeza na kile kitufe chenye picha ya mshale unaojizungusha, ambacho kinazuia hewa ya nje isiingie. "Mama asipatwe na baridi," akasema. Mimi nikashukuru. Miguu yangu na baridi yabisi ni maadui wa siku nyingi.

Basi tukaondoka. Hatukufika mbali. Tulipoipita spaza ya kona, kiduka cha Mzulu mmoja aitwaye Baba Themba, naona vioo vinaanza kulia. Kwanza vya nyuma, kisha vya pembeni, kisha kile kikubwa cha mbele. Ukungu mweupe, mzito, wa ndani kwa ndani. Hamisi akavua kofia yake ya sufu akafuta. Kikapatikana kidirisha cha kuchungulia, mara kikafumba tena. Nikampa pembe ya kanga yangu. Kanga ikaacha michirizi, na michirizi ile ikipigwa na jua ilikuwa mibaya kuliko ukungu wenyewe.

"Bibi, mi siko naona kitu!" Mama Furaha akalia huku nyuma. "Na hii chungu iko naniunguza mapaja! Yesu wangu, tutaingia harusi ama tutaingia kaburi?"

"Mama Furaha, shika sufuria, acha kaburi," nikamwambia.

"Minashika, Bibi! Njo vile minalia!"

Mbele yetu kukawa na robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, imewaka nyekundu, na Zuhura akaiona kwa kuchelewa kidogo. Akasimama vizuri, simsingizii, lakini teksi iliyokuwa pembeni ikapiga honi na dereva akatoa kichwa akamtukana kwa Kizulu neno ambalo sitaliandika. Hamisi akageuka kuniangalia. Jicho lile la mtu anayesema, nilikwambia mama.

Taa ikawa ya kijani. Zuhura akavuka taratibu, akawasha kiashiria, akalipeleka gari pembeni ya barabara mbele ya duka lililofungwa, akavuta breki ya mkono.

"Unafanya nini?" Hamisi akauliza.

"Nasimama, Baba."

"Tumechelewa! Twende!"

"Siendi nisipoona."

"Utaona tukifika! Futa kioo uende!"

"Baba, nimebeba wewe, nimebeba Gogo, nimebeba Mama Furaha. Siendi nisipoona."

Gogo ndiyo mimi. Ndivyo watoto wa hapa wanavyoita bibi. Na mwanangu, sauti yake haikupanda. Hakumtolea baba yake macho wala kumpigia usukani ngumi. Mikono ilikuwa mapajani, kama mtu aliyeketi kwenye tahiyatu ya sala. Lakini lile gari, hata ungeleta ng'ombe, lisingeondoka pale.

Kisha akanyoosha kidole, akaiondoa ile picha ya mshale unaojizungusha, na akabonyeza kitufe cha kiyoyozi.

Hapo ndipo Hamisi alipopanda. "Eisii? Eisii mwezi wa saba? Wewe mtoto una akili? Eisii ni ya Desemba! Unataka kumuua bibi yako kwa baridi? Zima!"

"Baba, hita sijazima. Itatoka hewa ya moto tu. Lakini itatoka kavu."

"Moto na eisii kwa pamoja? Umesikia wapi?"

"Kwa Ma Nomsa aliyenifundisha kuendesha. Pumzi zetu zina maji, Baba. Pilau ya Gogo ina maji. Tumefunga kila mahali, maji yaende wapi? Yanakaa kwenye kioo. Eisii inayachukua yale maji inayatoa nje."

"Zima, nimesema."

Zuhura akaniangalia kwenye kile kioo kidogo cha juu. Akanisubiri mimi. Na nikajua kwamba neno nitakalolitoa sasa ndilo litakaloamua kama mtoto huyu atapata kazi yake au hatapata.

Unajua nilichokikumbuka? Nilikumbuka Tanga, nyumba yetu ya Ngamiani, nami msichana wa kuteka maji. Ilikuwa masika, mvua haikati, na shangazi yangu Fatuma alikuwa na mtoto mchanga aitwaye Abdala. Nepi hazikauki. Shangazi akafunga dirisha na mlango, akaweka jiko la makaa katikati ya chumba, akafunika tenga juu yake na nepi akazitandaza juu ya tenga. Tukangoja. Chumba kikawa cha moto kama tanuri, na kuta zikaanza kutoa jasho. Nepi zilibaki mbichi, na mito nayo ikalowa.

Akaingia bibi yangu, Bi Mwanakombo binti Makame, mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake, kama mimi nilivyokuwa mpaka nilipojifunzia huku ukubwani. Akasukuma dirisha wazi, mvua ikinyesha. Shangazi akalalamika kwamba mtoto atapata baridi. Bibi akamwambia, "Fatuma, hayo maji unayapasha moto tu, hujayaonyesha njia ya kutokea. Mchukue mtoto umkumbatie, na dirisha uliache." Akatugeukia na sisi wasichana, akatukemea kwamba tumekaa pale tunaona kuta zinalia na hakuna aliyeuliza kwa nini. Zile nepi zilikauka kabla ya magharibi.

Basi nikiwa kiti cha nyuma, na jasho la pilau likinitiririkia juu ya kioo, nikamsikia Bi Mwanakombo kama yupo.

"Hamisi," nikamwambia, "mwache mtoto."

"Mama, baridi—"

"Baridi ni yangu, miguu ni yangu. Ikinishika nitajilaumu mimi wala si yeye. Mwache tuone."

Akaegemea kiti. Si kwa kuridhika, kwa heshima tu. Tukakaa. Mama Furaha alikuwa anasali kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa, kwa vile alidhani Mungu wa safari za hatari ni Mfaransa. Upepo ukaanza kutoka pale mbele, na wallahi ulikuwa wa vuguvugu, haukuwa na baridi hata ya kumtia mtu kamasi. Kisha pale chini ya kioo, karibu na mikono ya Zuhura, pakafunguka uwazi mdogo kama ukucha. Ukapanda. Ukapanuka. Nikaona nguzo ya taa. Nikaona mwanamke anafagia mlangoni kwake. Nikaiona barabara yote mpaka kule inakopinda.

"Ah!" Mama Furaha akasema. "Angalia, inakauka peke yake! Papa Zuhura, mutoto yako iko na akili kukushinda!"

Hamisi aliutazama mkono wake uliokuwa bado umeshika kofia iliyolowa, akaikamua kidogo, akaivaa.

Zuhura akatazama nyuma, akatazama pembeni, akaachia breki. Tulipita katikati ya mji, teksi huku, malori kule, na yule mtoto akapita katikati yao kwa utulivu mpaka nikasahau kushika kiti. Tulifika Mayfair shehe ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni. Nilimfunga Maimuna ushungi kwa mikono hii. Pilau ilikuwa bado ya moto. Na nilipoketi na wanawake wenzangu, kila aliyeniuliza nimeletwa na nani, nilimjibu kwa sauti ya kusikika chumba kizima: kaniendesha mjukuu wangu, Zuhura binti Hamisi bin Juma Kombo. Kama huko ni kujivuna, basi nilijivuna, na leo najivuna tena.

Jumatatu iliyofuata, watoto wa mtaa walikuja mlangoni na mabegi yao, pumzi zinawatoka kama moshi. Alikuwepo Thabo na dada yake Lerato, alikuwepo Furaha mwenyewe, na Yusufu mdogo wa Bi Saumu. Hamisi akatoka na blanketi mabegani. Nilidhani atasema neno. Alifungua mlango wa mbele, akainama ndani, akawasha gari, akawasha hita, na kisha akabonyeza kile kitufe. "Ni ya kukausha," akawaeleza wale watoto, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa analijua jambo hilo. Akamwekea Zuhura funguo nyingine mkononi, zile za akiba alizokuwa anazificha, akarudi zake kulala.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na nitaisema wazi. Baridi ikija na vioo vikakulilia, usipigane navyo kwa kanga wala kofia. Acha hewa ya nje iingie, washa kiyoyozi pamoja na hita, na usubiri. Hata vioo visipolia, kiwashe mara moja moja majira yote ya baridi. Ma Nomsa anasema kikilala muda mrefu mipira yake inakauka, na Desemba utakihitaji. Na kama huoni, simama, hata kama anayekuamuru uende ni baba yako, hata kama bibi harusi anangoja. Simama kwa adabu kama Zuhura, sauti chini, mikono mapajani, lakini simama. Nanyi wazazi wenzangu, kijana akigusa kitufe msichokijua, muulizeni kinafanya nini kabla ya kumwambia azime.

Mungu akufungulie njia yako na akuonyeshe kilicho mbele kabla hujakifikia. Akujaalie wa kukubeba ukizeeka, na mikono iliyotulia kama ya mjukuu wangu.

Na wewe mwingine uliyekuwepo siku ile, kama kuna mtu nimemsahau au nimempa jina lisilo lake, nisahihishe ningali hai, maana majina ya watu sipendi kuyakosea. Siku hizi Hamisi anasimulia kwamba ni yeye aliyekiwasha kiyoyozi pale njiani. Hilo usihangaike kunisahihisha.