Jumapili ya Lenny

Wabuge si mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu nikimaliza utataka kumtukana, na mimi mwenyewe nimeshamtukana. Ni fundi wa kuchomelea mageti pale Langas, Eldoret, mwepesi wa kusaidia jirani, na sauti yake ya bezi kanisani ukiikosa Jumapili unaulizia kama ni mgonjwa. Ila mkalishe juu ya pikipiki ya mashindano, watu wapige kelele kidogo, na akili yote inamtoka inaenda zake.

Pikipiki yenyewe si yake peke yake. Aliinunua kwa ubia na rafiki yake Lenny Kimeli, karani wa duka la mbegu na mbolea hapo mjini. Ilikuwa mtumba uliochoka, wakaifufua wenyewe kwenye karakana ya Wabuge. Klabu yao ni ya watu wa kawaida, walimu, madereva, wauza maziwa, wanaoshindana kwenye shamba moja la mteremko, njia ya kwenda Kaptagat. Sheria hapo si kali: nafasi kwenye laini ya kuanzia ni ya pikipiki, si ya mtu. Kwa hiyo hawa wawili walipanga lao. Mmoja anaendesha Jumamosi kutafuta nafasi, mwingine anaendesha Jumapili kwenye shindano lenyewe, na mashindano yanayofuata wanabadilishana. Wa Jumamosi ana kazi moja tu, kurudisha chombo kikiwa kizima. Miaka yote hiyo hawajawahi kukosana.

Safari hii Jumapili ilikuwa ya Lenny. Na haikuwa Jumapili ya kawaida, kwa sababu baba yake alikuwa anakuja.

Huyo Mzee Kimeli lazima nikueleze. Ni mkulima wa mahindi huko Sugoi, mzee wa kanisa, na ujanani alikimbia mbio za nyika akiwa jeshini. Kwake mchezo ni miguu. Lenny alikaa kambi ya wakimbiaji kule Kaptagat miaka miwili, goti likamkataa, akarudi nyumbani na begi lake, na Mzee hakusema neno. Angesema ingekuwa afadhali. Baadaye aliposikia kijana ameingia mambo ya pikipiki, aliuliza tu mezani, ni mchezo gani huo ambao mtu anakaa? Tangu siku hiyo Lenny akawa anamwalika kila mashindano, na kila mashindano Mzee alikuwa na ng'ombe wa kudungwa sindano. Mpaka mwezi wa nne mwaka huu, sijui ni nini kilimgusa, akasema atakuja baada ya ibada.

Basi Lenny akawa hakaliki. Alinunua jezi mpya, akamweleza kila mteja dukani, hata waliokuja kutafuta dawa ya kupe. Ijumaa, wakipakia pikipiki kwenye pikapu, alimshika Wabuge bega, na hapo hakuwa anacheka.

"Kesho usinitafutie nafasi ya kwanza," akamwambia. "Hata ya mwisho ni sawa. Nirudishie tu ikiwa inatembea."

Wabuge akamwambia atulie, ataiendesha kama amebeba trei ya mayai. Na nakuhakikishia, aliposema hivyo alikuwa anamaanisha.

Usiku mvua ilinyesha. Jumamosi uwanja ulikuwa tope tupu, lile tope jekundu linalong'ang'ania kila kitu. Mizunguko ya kwanza Wabuge aliendesha vizuri, polepole, akikaa mbali na watu wenye fujo. Halafu jamaa mmoja wa Nakuru akampita kwenye kona na kumrushia tope usoni. Watu waliokuwa kwenye ua wakacheka. Mmoja akaita jina lake, wengine wakadaka, na muda si muda ua mzima ulikuwa unaimba Wabuge, Wabuge.

Hapo ndipo nashindwa kumtetea. Alifungua moto. Alimpita yule wa Nakuru, akampita na wa mbele yake, na tope likazidi kuziba rejeta, ile sehemu ya mbele inayopoza maji ya injini. Alisikia joto likimpanda miguuni. Aliona mvuke. Mtu anayeshinda na moto na vyuma mchana kutwa hawezi kuniambia hakuijua ile harufu! Aliijua. Akajiambia mzunguko mmoja tu, kisha akajiambia huu wa mwisho. Alipovuka mstari, kipaza sauti kikatangaza kwamba hakuna aliyekuwa na kasi kama yake siku hiyo, na papo hapo injini ikanoki, ikakwama kabisa.

Lenny alikuja mbio akitabasamu, mikono juu, na tabasamu likaisha alipofika. Alijaribu kupiga kiki, ikagoma kushuka. Akajaribu tena. Akachuchumaa kando ya pikipiki, akamuuliza Wabuge kama aliona dalili yoyote, mvuke, chochote.

"Hapana," Wabuge akasema. "Imezima tu ghafla."

Lenny akajipiga paji la uso. Akasema basi ni yeye, Ijumaa kwa ile furaha alisahau kuangalia maji ya rejeta. Wabuge alikuwa ameyaangalia mwenyewe asubuhi, na yalikuwa yamejaa. Hakusema. Alimwambia pole, mambo hutokea.

Waliifungua injini mchana huo, pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kabisa. Wakapiga simu kwa kila fundi wanayemjua, mpaka Kitale, spea haikupatikana. Lenny akajaribu kumpigia baba yake asije, lakini Mzee ni wale wanaowasha simu wakitaka kupiga wao.

Jumapili Mzee Kimeli alifika na suti yake ya kanisani na kofia, viatu vikizama kwenye tope bila yeye kulalamika. Alisalimia watu wote. Akauliza kijana wake anaanzia wapi, ili atafute mahali pazuri pa kusimama. Lenny, na jezi yake mpya, akamwambia kwamba hataanza, injini imekufa, na kosa ni lake, hakuangalia maji.

Mzee aliitazama pikipiki iliyofunguliwa, kisha akamtazama mwanawe. Hakukasirika. Mimi naona kukasirika kungekuwa na nafuu.

"Kule ilikuwa goti," akasema. "Hapa ni injini."

Wabuge alikuwa karibu, amesikia kila neno. Kabla hajafungua mdomo, kipaza sauti kikaita jina lake, aende achukue kikombe cha mwenye kasi wa Jumamosi. Akaenda. Watu wakampiga mgongoni, wakampiga picha. Aliporudi na kikombe mkononi, Mzee alivua kofia na kumnyooshea mkono.

"Hongera, kijana wangu. Wewe angalau unamaliza unachoanza."

Sentensi moja ingetosha. "Mzee, ni mimi niliyeiua injini." Basi. Ingemchukua Wabuge muda wa kumeza mate, na mzee yule angegeuka na kumtazama mwanawe kwa jicho lingine. Lakini Lenny alikuwa amesimama hapo akipiga makofi, tena kwa moyo, akimwonyesha baba yake kwamba huyu ndiye rafiki aliyemsimulia.

"Asante, Mzee," Wabuge akasema.

Mzee alitazama raundi moja kwa adabu, kisha akaaga, ng'ombe walikuwa wanamngoja. Lenny hajamwalika tena. Pikipiki ilitengenezwa na wanaendesha kwa zamu yao ile ile. Wabuge huniambia inamuuma, hata wimboni kanisani inamjia, na mimi humwambia barabara ya Sugoi haijafungwa. Mpaka leo hajaenda. Na kila Ijumaa Lenny huosha rejeta mpaka ing'ae, anaangalia maji, anafunga kifuniko, anatembea kidogo, anarudi kufungua aangalie tena. Wabuge husimama hapo amemshikia jagi.