Ampli Isiyopata Moto

Katika kwaya yetu ya kanisa hapa Kasongo mimi ndiye mpigaji wa gita la besi, na kwa muda mrefu besi ndiyo iliyokuwa inakufa kwanza. Umeme wetu ulitoka kwenye batri mbili za gari zilizochajiwa na sola juu ya bati la kanisa. Ampli ya zamani, mashine yetu ya kukuza sauti, ilizinyonya batri hizo kama mtoto aliyelala njaa. Mahubiri yakianza kurefuka, bafle kubwa, ile spika ya besi, ilikuwa inakohoa. Wakati wa matoleo mimi nilikuwa nachezesha vidole bure, nyuzi zinatikisika na hakuna anayesikia kitu.

Jumapili moja dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya tu, alikuja mbele baada ya ibada akaweka kiganja nyuma ya ile ampli. Akakitoa upesi.

"Mudogo, hii ampli yenu haiko inaimba," aliniambia. "Iko inapika. Jua lote munalokusanya, nusu inaishia humu ndani kuwa moto."

Yaya ana kibanda sokoni, anatengeneza redio, simu na taa za sola. Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mume wake, kisha akampita kwa ufundi, na mume mwenyewe alikuwa anajisifia jambo hilo mbele ya watu. Wiki ile alitangaza kwamba atatutengenezea ampli ya namna nyingine, ya kuendesha bafle ya besi peke yake.

Nilimuuliza tofauti iko wapi.

"Ya kwenu ni kama mulinzi anayeshikilia mulango na bega," alisema. "Watu wanapita kidogo kidogo, yeye anatoka jasho. Ya kwangu itafungua mulango wote ao itaufunga wote, mbio mbio, maelfu ya mara kwa sekunde moja. Hakuna kusukumana, hakuna jasho."

"Na wimbo utatoka wapi?"

"Mulango ukikaa wazi zaidi, umeme unapanda. Ukikaa umefungwa zaidi, unashuka. Koili ya waya inalainisha ile mikato yote, bafle inapata wimbo mutupu."

Sikuelewa vizuri, lakini nilipenda kumtazama akifanya. Transista alizitoa kwenye mashine iliyokufa ya kugeuza umeme wa batri, ambayo mchimba dhahabu mmoja wa Salamabila aliiacha kibandani asirudi kuichukua. Pete nyeusi ya kuzungushia waya ilitoka ndani ya kompyuta ya zamani. Njia za umeme alizichora kwa rangi ya kucha juu ya kibamba chenye utando wa shaba, kisha akakilaza katika dawa mpaka shaba yote isiyopakwa ikaliwa. Mistari ilibaki myembamba, safi, kama imechorwa na mtu asiyejua kutetemeka.

Jaribio la kwanza lilitoa mlio mmoja, pah, na moshi. Mimi niliruka nyuma. Yaya alicheka.

"Kila transista ni mulango, na yote mbili imefunguka pamoja," alisema. "Inafaa moja ijifunge kabisa, ipumue kidogo, njo nyingine ifunguke." Akafunika meza, akaenda kutwanga majani ya muhogo ya sombe. Kesho yake alianza upya, akaongeza ule muda mdogo wa kupumua, na safari hii hakuna kilichoungua.

Hakuwa na ile mashine yenye kioo ambayo mafundi wa mijini wanatazamia mawimbi. Aliweka redio ndogo karibu na ampli, akawa anazungusha kitufe. Pale iliponguruma zaidi, hapo ndipo alijua mbio za mlango wake. Mimi niliona ni ajabu kubwa: kusikia kwa redio kitu ambacho sikio haliwezi kukifikia.

Lakini si redio yake peke yake iliyonguruma. Alasiri ile ile jirani yetu, mzee wa Kiislamu anayeuza vitambaa, aliingia uani na redio yake chini ya kwapa, inakoroma.

"Nani amekula habari zangu?" aliuliza.

Yaya alizima ampli. Redio ya mzee ikasema vizuri. Akaiwasha, ikakoroma tena. Mzee alisahau hasira.

"Binti yangu, mashine yako inafika kwangu bila waya?"

"Ndiyo, Baba, na haifai. Unisaidie."

Basi akapewa kiti. Alasiri nyingi alikaa pale na redio kwenye magoti, akipaza sauti: "Bado! Bado! Aa, imepungua!" Yaya alifupisha waya, akazisokota pamoja, akazungusha koili upya, akaufungia mtambo wote ndani ya tini la mafuta ya kupikia. Siku ikafika mzee alisikiliza habari kuanzia mwanzo hadi mwisho huku besi yangu inatetemesha vikombe jikoni. Nililigusa lile tini baadaye; lilikuwa na uvuguvugu tu, kama yai lililotoka kwa kuku. Mzee alitoka akawaeleza majirani kwamba "tumemaliza ampli," na Yaya hakumrekebisha.

Mwanakwaya mwenzetu alipooa kule Wamaza, tulikwenda kwa pikipiki, bafle na batri zimefungwa nyuma kwa mipira, Yaya amelipakata tini lake ndani ya kitenge. Tulianza kupiga asubuhi. Wageni walikula, wakacheza, wakatoa zawadi, jua likaanza kulegea, na besi ilikuwa bado nzima.

Bwana arusi alikuwa na shangazi kiziwi. Alikuwa amekaa kando na akina mama wengine, anatazama midomo ya watu. Kwa sababu gani aliinuka, sijui. Alikuja mpaka kwenye bafle, akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao. Uso wake ukabadilika. Akageuka, akaegemeza mgongo pale, akaanza kucheza, na miguu yake ilikuwa ndani ya mapigo kabisa. Nilipunguza mwendo nione, naye akapunguza. Machozi yalinijia, nikakosea noti moja, na yeye ndiye pekee aliyegeuka kunitazama.

Wimbo ulipokwisha alimuuliza mpwa wake kwa mikono: nani amefanya hiki? Bwana arusi akamwonyesha Yaya. Mama yule alimwendea, akamshika mkono, akamvuta katikati ya uwanja. Yaya hajui kucheza, anakanyaga watu hata katika nyimbo za polepole. Alinipigia kelele nisianze. Nilianza.