Mtofaa wa Yuditha

Gidioni wa Machame hakuwa mtu wa kuogopa mizimu. Alitunza bustani ya mzungu mmoja mtaalamu wa miti ya matunda, aliimba besi kanisani, na akikuta watu wanasimulia habari za wafu aliwacheka mpaka wakanuna. Hayo yalikuwa kabla ya mwaka 1936.

Mkewe, Yuditha, alikuwa amepanda kando ya nyumba mche wa mtofaa uliotoka bustanini humo. Mti ukakua, ukapukutisha majani, kisha usichipue tena. Yuditha naye akaugua. Siku zake za mwisho alimwambia mumewe, "Mti wangu usiukate. Umelala tu." Akafa. Gidioni alivumilia miezi minne, halafu uchungu ukamzidi: mwenyewe yuko kaburini, mti wake umesimama kufanya nini? Akachukua shoka.

Wiki mbili baadaye mzungu alimwita kwenye hadubini. Alikuwa amekata jicho la kuchipukia la mtofaa wa bustanini, nao hauna jani hata moja, akalichanja jembamba kuliko karatasi. Gidioni akachungulia. Akaona vijumba vidogo visivyo na idadi, vimesheheni wanga.

"Hizo ni seli," mzungu alisema. "Nadhani zimefungiana milango, kila moja na akiba yake. Zinangoja baridi kali kama ya kwetu. Hapa haitoshi, ndiyo maana zinachelewa kuamka. Lakini zi hai."

Tangu siku hiyo Gidioni hakupata raha. Akila mtori wa ndizi aliviona vile vijumba. Akipita penye kisiki alihisi Yuditha yuko nyuma yake, kimya, kama mtu anayengoja aitikiwe salamu. Naam, yule mcheka mizimu sasa aliogopa nyumba yake mwenyewe.

Mwishowe alichuma jani la isale, akalipiga fundo, akaenda kwa mama mkwe wake. Kwa Wachagga, aliyekukosea akikuletea isale huna budi kumsamehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akaeleza yote, akamalizia, "Sikujua, mama. Nilidhani mti umekufa."

Mama akalipokea jani, maana mila haikataliwi. Kisha akauliza, "Na kuni zake, ziliwaka vizuri?"

Gidioni akainamisha kichwa.

"Hapana, mama. Zilikuwa mbichi. Mti ulitoa maji tangu pigo la kwanza, nami nikaendelea kukata."